Mhariri, hilo jedwali la mauzo ya konsoli limesahau umri

Mhariri, salamu kwako na kwa timu nzima ya ukurasa wa teknolojia. Nimeisoma makala yenu ya mauzo ya konsoli, yani mashine za kuchezea magemu, kizazi kwa kizazi (kizazi ni kundi la mashine zilizotoka enzi moja), ile yenye jedwali PlayStation 2 (PS2) ya Sony ikiwa juu kabisa na Wii U ya Nintendo na Dreamcast ya Sega zinaburuza mkia huko chini, na nimefuatilia pia barua za wasomaji wenzangu zilizofuata, kila mtu anavutia upande wake, wa Sony wanasema hamna kama PS2, wa Nintendo wanasema Switch ndo mfalme, wa Xbox ya Microsoft wao wamenuna tu. Mi sina ugomvi na namba mlizoweka, nyingi ziko sawa. Ugomvi wangu ni na jedwali lenyewe. Mmechukua mashine za miaka thelathini mkazipanga kwenye safu moja, kubwa juu ndogo chini, bila kumwambia msomaji kila mashine ilikaa sokoni muda gani, iliuzwa bei gani, na hiyo namba ilihesabiwa ikiwa wapi. Ni sawa na kumpima mtoto wa miaka mitano na kaka yake wa miaka kumi na tatu halafu useme huyu mdogo hakui.

Chukua mfano mmoja tu. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, na Sony wakatangaza imefika milioni 100 mwishoni mwa Novemba 2005, yani miaka mitano na miezi tisa. PS4 ilitoka Novemba 2013, ikafika milioni 100 katikati ya 2019, miaka mitano na miezi saba. Umeona hapo? Kwa umri ule ule PS4 ilikuwa mbele ya PS2 kwa miezi kama miwili hivi, na Wii ya Nintendo nayo ilishaachwa, maana yenyewe ilivuka milioni 100 mwaka 2013 ikiwa na miaka sita na nusu. Sasa ukifungua jedwali lenu, PS4 ina milioni 117.2 na PS2 ina milioni 155 na ushee, msomaji anaondoka hapo akiamini watu waliikimbilia PS2 kuliko PS4. Hapana. Mpaka milioni 100 ya kwanza PS4 ndo iliyokuwa inatembea haraka. Tofauti yote ile ya karibu milioni 40 imekuja baadae, kwenye uzee, na hapo ndo kuna stori yenyewe ambayo jedwali limeifunika.

Stori yenyewe ni bei. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000. Mei 2002 ikashuka mpaka dola 199. Ikaendelea kushuka hivo hivo mpaka Aprili 2009 ikawa dola 99, na wakati huo PS3 ilishakuwa sokoni zaidi ya miaka miwili. Sasa jiulize wale waliokuwa wananunua PS2 mwaka 2009, 2010, mpaka 2012, walikuwa kina nani. Wengi hawakuwa wale waliopanga foleni mwaka 2000. Ni mtu ambaye hakuwahi kuwa na konsoli maishani mwake, anaona mashine ya dola 99 yenye magemu kibao ya kuchagua, diski zilizotumika zimejaa kila kona, na juu ya hapo inacheza DVD. Na PS3 iliisaidia sana PS2 bila kutaka, kwa sababu iliingia Novemba 2006 kwa dola 499 na ile kubwa dola 599, bei ambayo ilimfanya mtu wa kawaida aiangalie kwenye kioo cha duka kisha anyoshe mkono kwa kaka yake mkubwa, PS2. PS2 iliendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa 2013. Miaka kumi na mitatu! Ikifika hapo mrithi wake yupo sokoni zaidi ya miaka sita na mrithi wa mrithi amebakiza wiki chache tu kutambulishwa.

Na iliwezaje kushuka hivo bila Sony kufilisika, hili nalo watu huwa hawalisemi. Ndani ya PS2 ya mwanzo kulikuwa na chipu mbili kubwa, Emotion Engine ya kufanya mahesabu na Graphics Synthesizer ya kuchora picha, kila moja na nafasi yake kwenye bodi, kila moja inatoa joto lake. Teknolojia ya kutengeneza chipu ilivyosogea zikaja kuunganishwa zikawa chipu moja, ndogo, inayokula umeme kidogo, na ndo maana mkaiona ile PS2 nyembamba ya 2004 ambayo unaibeba kama kitabu, wakati ile ya kwanza ilikuwa pande la mashine. Chipu ndogo maana yake kipande kimoja cha silikoni kinatoa chipu nyingi zaidi, boksi dogo, usafiri rahisi, kontena linabeba nyingi. Bei ikishuka kiwandani ndo inashuka dukani.

PS4 haikupata bahati hiyo, au niseme haikupewa. Ilianza dola 399, ikaja ile nyembamba ya 2016 kwa dola 299, na hapo ikaganda. Ilikuwa inashushwa kwa ofa za msimu tu, wiki moja mbili imekwisha, bei rasmi inarudi pale pale. Haikufika dola 99 hata siku moja, hata 199 ya kudumu haikufika. Halafu 2020 ikaja PS5, chipu zikawa adimu dunia nzima, na baada ya Machi 2022 Sony wakaacha kabisa kutoa namba zake mpya, ndo hiyo 117.2 mnayoiona imesimama. Kwahiyo PS4 haikupigwa na PS2. PS2 iliishi maisha mawili, la kwanza la bei kubwa na la pili la bei ya kutupa, PS4 iliishi moja. Mi naona hilo ni jambo kubwa kuliko namba yenyewe, na kwenye jedwali lenu halipo.

Tukija kwa Switch ndo mambo yanakuwa matamu zaidi. Imetoka Machi 2017 kwa dola 299, ikavuka milioni 100 kabla hata haijafikisha miaka mitano, na mpaka Machi 2025 ilikuwa milioni 152.12. Na imefanya hivo bila kushusha bei rasmi Marekani hata mara moja! Walichofanya ni kuleta Switch Lite ya dola 199 mwaka 2019, ile isiyochomekwa kwenye TV, basi. Na Agosti 2025, mashine ina miaka minane, wakapandisha bei. Kupandisha. Kwa umri huo PS2 ilikuwa inauzwa kwa chini ya nusu ya bei yake ya kuzaliwa. Kwahiyo anaesema Switch na PS2 zinakaribiana kwa hiyo zinalingana, mi nashindwa kumuelewa, moja imefika pale kwa kuuzwa rahisi na nyingine imefika pale huku bei imekaza, ni mafanikio mawili tofauti kabisa, na kwa anaeshika mahesabu ya Nintendo huko Kyoto hiyo ya pili ina hela nyingi zaidi.

Lakini na mashabiki wa Nintendo msianze kushangilia bado, nawajia.

Watu wanasahau kwamba kabla ya Switch, Nintendo walikuwa na mashine mbili kila wakati, moja ya sebuleni moja ya mkononi. Game Boy Advance ya mkononi ilikuwa na milioni 81.51 na GameCube ya sebuleni milioni 21.74, jumla milioni 103 na kitu. Kizazi kilichofuata DS milioni 154.02 na Wii milioni 101.63, hiyo ni zaidi ya milioni 255 kwa kampuni moja kwa wakati mmoja. Halafu wakaporomoka, 3DS milioni 75.94 na Wii U milioni 13.56, jumla milioni 89.5. Switch ni zote mbili kwenye boksi moja, kwahiyo ukitaka kuilinganisha kihalali usiiweke pembeni ya Wii peke yake wala DS peke yake, iweke pembeni ya hizo jumla. Ukifanya hivo unaona vitu viwili kwa mpigo: kwamba Switch imewaokoa kutoka kwenye shimo la milioni 89.5, na kwamba haijakaribia kabisa ile enzi ya Wii na DS. Yote mawili ni kweli na shabiki huwa anachagua moja la kubishania.

Sema na hizo milioni 255 si watu milioni 255, hapa napo pana mtego. Nyumba moja ilikuwa na Wii moja sebuleni, familia nzima inagombania pedi, lakini DS kila mtoto alitaka yake, na wengi walianza na ile DS nene ya kwanza, ikatoka DS Lite wakanunua tena kwa sababu kioo kilikuwa kinang'aa vizuri zaidi, ikatoka DSi yenye kamera wakanunua tena. Nintendo wenyewe wanazigawa, DS ya kwanza milioni 18.79, DS Lite milioni 93.86, familia ya DSi milioni 41.37. Ukijumlisha unapata ile 154.02 yenu. Sasa mtoto mmoja aliyepita hatua zote tatu amehesabiwa mara tatu na hilo si kosa, ni mauzo matatu halali, ila ukisema milioni 154 walicheza DS hapo umeshadanganya. Konsoli ya mkononi ina nafasi ya kuipita ya sebuleni kwa sababu ya hesabu hii tu, na kuziweka safu moja bila alama yoyote ni kumchanganya msomaji.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kingenifurahisha mngekiandika hata kwa herufi ndogo chini ya jedwali: hiyo konsoli imehesabiwa ikiwa wapi? Fikiria boksi moja. Linatoka kwenye mstari wa kiwanda, limefungwa utepe, limebandikwa namba. Linapandishwa kwenye lori, linaingia ghalani, linakaa. Linapakiwa melini, linavuka bahari wiki kadhaa, linashuka, linaingia kwa msambazaji, linaenda dukani, linakaa nyuma stoo, siku moja linawekwa mbele kwenye shelfu, na siku nyingine mtu anatoa hela analibeba nyumbani. Hatua zote hizo ni boksi lile lile, na kampuni inaweza kuamua kulihesabu pale kiwandani, au pale lilipouzwa kwa duka, au pale lilipofika mkononi mwa mchezaji. Kati ya la kwanza na la mwisho kunaweza kuwa na mamilioni ya maboksi yaliyokaa tu njiani.

Sony mpaka 2007 walikuwa wanahesabu pale mwanzo, bidhaa zilizotoka kiwandani. Kuanzia mwaka wao wa fedha wa 2007 wakabadilisha, wakaanza kuhesabu mauzo yaliyoingia kwenye vitabu. Kwahiyo ile PS1 yenu ya milioni 102.49 na ile milioni 100 ya PS2 ya Novemba 2005 zimehesabiwa mlangoni mwa kiwanda, wakati milioni 100 ya PS4 imehesabiwa mbele zaidi, ilishauzwa kwa maduka. Rudini kwenye ule mfano wangu wa mwanzo, PS4 ilitangulia kwa miezi miwili, na ilitangulia ikiwa imepimwa kwa kipimo kikali kuliko mwenzake. Nintendo wao wanatoa namba ya walichouza kwa wasambazaji na maduka. Sony siku hizi wakati mwingine wanatoa namba mbili, ya dukani na ya mteja, na waandishi wengi wanachukua yoyote iliyo kubwa bila kusema ni ipi.

Na hiyo PS2 yenyewe mbona namba yake imehama? Miaka mingi Sony walikuwa na ile zaidi ya milioni 155, ya mpaka Machi 2012, watu wameishi nayo muongo mzima. Halafu 2024 Jim Ryan, akiwa anaondoka kwenye ubosi wa PlayStation, akasema milioni 160, na mwishoni mwa mwaka huo huo tovuti ya PlayStation kwenye kusherehekea miaka 30 nayo ikaandika zaidi ya milioni 160. Kwa sababu uzalishaji uliendelea miezi kadhaa baada ya ile hesabu ya Machi 2012, kuongezeka kidogo kunaingia akilini. Ila angalia muda huo, namba ilipanda kipindi kile kile ambacho watu walianza kusema Switch inakuja kuchukua kiti. Sisemi kitu, nasema angalia muda tu.

Microsoft ndo kabisa. Xbox ya kwanza mmeandika milioni 24, sawa, hiyo walitangaza wenyewe. Xbox 360 milioni 84, sawa, ya mpaka katikati ya 2014. Xbox One mmeweka namba kamili kabisa kama vile mliiokota kwenye ripoti, wakati mwishoni mwa 2015 Microsoft waliacha kutangaza idadi ya mashine, wakahamia kwenye kuhesabu watu wanaoingia kwenye huduma yao kila mwezi. Tangu hapo kila namba unayoisikia ya Xbox One au Xbox Series ni makadirio ya mtu. Kitu kimoja kilichotoka kwao kwa maandishi ni cha 2022, kwenye ile kesi ya kununua kampuni ya magemu ya Activision Blizzard, walipoiandikia mamlaka ya ushindani ya Brazil kwamba Sony waliuza zaidi ya mara mbili yao kwenye kizazi kilichopita. Ukigawa 117.2 kwa mbili unapata milioni 58 na nusu, kwahiyo iko chini ya hapo, basi, huo ndo mwisho wa tunachokijua. Mngeandika "chini ya milioni 58.6" ningewapigia makofi. Kuandika namba moja kavu kwenye safu moja na namba zilizotangazwa na kampuni zenyewe, hapana.

Na kwenye 360 hiyo hiyo kuna kitu kingine. Walioishi zama zile wanakumbuka zile taa tatu nyekundu kuzunguka kitufe cha kuwashia, umeme upo, feni inaunguruma, TV nyeusi, na unajua imekufa. Tatizo lilikuwa kubwa mpaka Julai 2007 Microsoft wakatenga zaidi ya dola bilioni moja za kurekebisha na wakaongeza waranti mpaka miaka mitatu kwa wenye shida hiyo. Wengi walituma mashine zao zikarudi. Lakini kuna ambae waranti ilimuishia, na kuna ambae alichoka kusubiri akaenda kununua nyingine, na huyo kwenye vitabu ni wateja wawili. PS2 za kwanza nazo zilikuwa na ugonjwa wa lenzi kukataa kusoma diski, mtu anaigeuza juu chini, anaisimamisha wima, akichoka ananunua mpya. Mashine mbovu inaongeza mauzo, haya mambo ni ya kuchekesha ila ndo yalivyo, na kadiri mashine inavyokaa sokoni muda mrefu kwa bei rahisi ndivyo watu wanavyonunua ya pili badala ya kutengeneza.

Sasa na hili neno kizazi, ambalo makala yenu imelitumia kama vile limeandikwa kwenye jiwe. Mmesema kizazi cha sita ndo kilikuwa kilele kwa sababu kina PS2. Haya tupige hesabu. PS2 zaidi ya 155, Xbox 24, GameCube 21.74, Dreamcast 9.13, unapata kama milioni 210, ukiipa PS2 ile 160 unapata 215. Kizazi kilichofuata Wii 101.63, PS3 zaidi ya 87.4, Xbox 360 84, unapata milioni 273. Yani kizazi ambacho hakina hata mashine moja ya kuigusa PS2 kiliuza karibu milioni 60 zaidi! Kwa nini? Kwa sababu mara hii wote watatu walikuwa hai, wakati kabla ya hapo mmoja alikuwa anakula na wengine wanaangalia. Sasa kilele kiko wapi, kwa mashine moja au kwa soko zima? Makala yenu inaruka kutoka hapa kwenda pale bila kusema.

Halafu kizazi cha nane mnasema soko lilidondoka. PS4 117.2, Wii U 13.56, Xbox One chini ya 58.6, jumla haifiki milioni 190. Kweli imedondoka, kama Switch umeiweka nje. Ukiiingiza Switch ndani unapita milioni 280 hata kabla hujaihesabu Xbox One, na kizazi cha nane ghafla ndo kikubwa kuliko vyote. Imetoka 2017 katikati ya maisha ya PS4, imeshindana na PS4 na PS5 zote mbili, utaiweka wapi? Kwahiyo kama soko limekua au limekufa inategemea mashine moja umeiandika mstari gani. Hapo mi naona neno kizazi limeshachoka, lilikuwa linafaa enzi ambazo wote wanatoa mashine ndani ya mwaka mmoja miwili, siku hizi kila mtu ana kalenda yake. Mwaka 2024 Sony walisema wachezaji wao wa kila mwezi wako karibu nusu kwa nusu kati ya PS4 na PS5. Hicho ni kizazi gani?

Kwenye Wii U na Dreamcast nako mmewaonea. Mmeandika Dreamcast ya mwisho, 9.13, Wii U ya pili kutoka mwisho, 13.56, kwahiyo msomaji anaona Wii U ilifanya afadhali. Dreamcast ilitoka Japani Novemba 1998 na Sega wakasimamisha uzalishaji Machi 2001, miezi 28 hivi, na hiyo namba yake ina mpaka zile za mwisho zilizouzwa kwa bei ya kumaliza stoo. Wii U kwa umri huo huo, Machi 2015, ilikuwa na milioni 9.54. Ni kitu kile kile! Tofauti ni kwamba Nintendo walikuwa na 3DS ya kuwalisha na hela benki, wakaweza kuiacha ijikokote mpaka ikafika 13.56, Sega hawakuwa na pumzi hiyo, Saturn, mashine yao iliyotangulia, ilishawaacha hoi na milioni 9.26 zake.

Na mwisho kuna kipimo ambacho mi nakipenda kuliko vyote na sikioni kwenye gazeti lolote, magemu mangapi yameuzwa kwa kila mashine. Kampuni inapata faida kwenye magemu, mashine mara nyingi ni mlango tu. GameCube, ile mnayoiita kushindwa, magemu milioni 208.57 kwa mashine milioni 21.74, karibu 9.6 kwa kila mashine. Wii, ile mnayoiita ushindi, milioni 921.85 kwa 101.63, ni 9.1. Umeona iliyoshindwa imeishinda iliyoshinda? Na hapo Wii imebebwa, kwa sababu Wii Sports ilikuwa inawekwa ndani ya boksi karibu kila mahali isipokuwa Japani, na nakala zake milioni 82.9 ziko ndani ya hiyo jumla, ukizitoa unabaki na 8.25. Wii ilinunuliwa na watu wengi sana ambao walicheza bolingi na tenisi na bibi, wakaiweka chini ya TV, mwisho. Ndo maana mauzo yake yalipanda kama moshi yakashuka vile vile, milioni 25.95 kwenye mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009, miaka minne baadae ikawa 3.98. DS iko chini zaidi ya hizo, magemu 6.2 kwa kila mashine, na hapo ndo unakumbuka zile kadi za R4 ambazo mtu anadanlodi magemu anaweka yote kwenye kadi moja, pamoja na wale waliokuwa wanabadilisha mashine na magemu wanabaki nayo yale yale. Switch mpaka Machi 2025 ilikuwa 9.1, karibu magemu bilioni 1.4, na kwa mashine ya ukubwa ule hilo ndo la kushangaza kuliko hata ile milioni 152.

PS5 nayo watu wanaisema sana kwamba imefeli, imekosa magemu, sijui nini. PS4 ilifika kwa wateja milioni 50 mwanzoni mwa Desemba 2016, PS5 ikafika hapo hapo Desemba 2023, zimepishana wiki moja tu ukihesabu tangu kila moja ilipozaliwa. Na PS5 ilipitia miaka miwili ya uhaba wa chipu ambapo mtu alikuwa na hela mkononi na mashine hakuna, walanguzi wanaziuza mara mbili, na badala ya kushuka bei ikapandishwa nchi nyingi Agosti 2022 na Marekani Agosti 2025. Kuanzia hapa kwenda mbele ndo sijui kama itaweza kwenda na ndugu zake, maana mkia mrefu wa PS2 ulitokana na bei kushuka na sasa hivi bei zinapanda, chipu hazirahisishwi tena kama zamani. Mi nadhani rekodi ya PS2 kwa konsoli ya sebuleni tupu haitavunjwa, na si kwa sababu ya ubora wa magemu yake.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni dogo. Mkirudia hilo jedwali, na naamini mtalirudia kwa sababu Switch 2 imetoka Juni 2025 na imeuza milioni 3.5 ndani ya siku nne na kila mtu ataanza tena kulinganisha, wekeni safu tatu za ziada: mashine ilikuwa na umri gani kwenye namba hiyo, bei yake ya kuanzia na ya mwisho, na magemu kwa kila mashine. Za mkononi zipewe rangi yake. Na kwenye mstari wa Xbox kuanzia Xbox One kuja huku, acheni nafasi wazi, msiijaze kwa kukisia.

Msomaji wenu,
wa tangu enzi za kaseti